Kumkinga mgonjwa wa saratani ya damu na maambukizi: mwongozo kamili wa kupanga pesa kabla hazijaisha

Mwaka wa kwanza wa kumuuguza baba mdogo, ukoo uliuza kiwanja ili anunuliwe vichupa vya imunoglobulini, yaani kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya wachangiaji. Tuliambiwa vinapandisha kinga, na nani angekataa? Pesa ya kiwanja ilitosha miezi miwili. Mwezi wa tatu alipandwa na homa saa nne usiku. Nyumbani hapakuwa na kipimajoto, na mfukoni hapakuwa na nauli ya gari la usiku, tukakubaliana tungoje kuche. Alilazwa siku 19. Alitoka akiwa hai, nashukuru, lakini alitoka mifupa mitupu na sisi tukiwa na deni.

Hesabu niliyoanza kuifanya kwenye benchi la wodi, daftari mapajani, ndiyo iliyozaa mwongozo huu. Swali lake ni moja: shilingi hii ninayoitoa leo inazuia maambukizi mangapi, na je, ipo nyingine ambayo ingezuia zaidi kwa bei ndogo? Nimeuandika kwa ajili yako unayeuguza, iwe una mgonjwa mwenye lukemia, limfoma au mayeloma. Dawa zote nitakazozitaja ni za kuzungumza na daktari wake. Usiende kuzinunua dukani kwa kichwa chako, kwa sababu baadhi zinagombana na tibakemikali (kemo) yenyewe na nitaonyesha ni wapi.

Hatua ya 1: Jua kinga imeshuka upande gani

Watu husema "kinga imeshuka" kana kwamba kinga ni maji ndani ya pipa moja. Ziko kinga za aina nyingi, na kila saratani ya damu, na kila dawa yake, hubomoa upande wake.

Upande wa kwanza ni neutrofili, seli nyeupe zinazowahi bakteria na fangasi. Hizi huporomoka kwa mwenye lukemia kali na kwa yeyote aliyetoka kupata dozi nzito ya tibakemikali. Upande wa pili ni kingamwili, zile protini za damu zinazokumbuka wadudu wa zamani. Mwenye mayeloma au lukemia sugu ya limfositi huwa nazo chache au mbovu, ndiyo maana nimonia na mafua mazito humrudia. Upande wa tatu ni limfositi aina ya T, seli nyeupe za namna nyingine. Hizi hudhoofishwa na steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni, na pia na fludarabini na bendamustini, na zikidhoofika hufungua mlango kwa nimonia ya fangasi aitwaye pneumosistisi, mkanda wa jeshi na kifua kikuu.

Haya si masomo ya bure. Imunoglobulini inajaza upande wa pili tu. Ukimnunulia mgonjwa ambaye tatizo lake ni neutrofili, umenunua ufunguo wa mlango wa jirani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari liwe hili: "Mgonjwa wangu amepungukiwa na nini hasa, na kwa muda gani?"

Upande wa neutrofili unaweza kuufuatilia mwenyewe kwenye karatasi ya FBP, kile kipimo cha kuhesabu seli za damu. Chukua idadi ya seli nyeupe, zidisha kwa asilimia ya neutrofili. Mfano: seli nyeupe ni 1.2 (yaani seli 1,200 katika kila maikrolita) na neutrofili ni asilimia 30. 1.2 mara 0.30 ni 0.36, yaani seli 360 katika kila maikrolita. Chini ya 500 ni hatari kubwa, na chini ya 100 hatari huzidi tena. Andika namba hiyo kwenye daftari kila kipimo, pamoja na siku zilizopita tangu dozi ya mwisho. Baada ya mizunguko miwili utaona siku zake za kushuka zinavyojirudia, na utajua wiki gani msikubali wageni.

Hatua ya 2: Jifunze hesabu ya "watu wangapi"

Wachumi wa afya wana vipimo vyao vikubwa. Kinachotumika zaidi ni gharama ya kupata mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili. Uingereza, kwa mfano, taasisi inayoishauri serikali kuhusu dawa, NICE, kwa miaka mingi ilikuwa ikikubali kati ya pauni 20,000 na 30,000 kwa kila mwaka wa namna hiyo. Nyumbani kipimo hicho hakishikiki. Kuna kidogo kinachoshikika: ni wagonjwa wangapi wapewe dawa hii ili mmoja aepushwe na maambukizi?

Tufanye mfano kwa utafiti halisi. Uingereza walichukua wagonjwa 977 wapya wa mayeloma. Nusu walipewa kidonge cha antibiotiki iitwayo levofloksasini kila siku kwa wiki 12, nusu kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Waliopata homa au kufariki katika wiki hizo walikuwa asilimia 27 kwa wasiopewa dawa na asilimia 19 kwa waliopewa. Tofauti ni 8 katika kila 100. Gawanya 100 kwa 8, unapata takribani 13. Wagonjwa 13 wanywe dawa ili mmoja aepuke.

Sasa ingiza pesa. Weka bei uliyoambiwa wewe dirishani. Mimi naweka ya kukisia tu ili hesabu itembee. Tuseme kidonge ni shilingi 500. Wiki 12 ni vidonge 84, yaani shilingi 42,000. Mara watu 13 ni shilingi 546,000 kuzuia tukio moja. Sasa uliza wodini wiki moja ya kulazwa inagharimu kiasi gani: kitanda, antibiotiki ya meropenemu ya mishipani mara tatu kwa siku, vipimo, chakula cha anayeuguza, siku za kazi zilizopotea. Gharama ya kulazwa ikizidi ile ya kuzuia, kinga imejilipa, na hapo hujaweka bado thamani ya uhai wenyewe. Katika utafiti ule walifariki 8 upande wa dawa na 22 upande wa pili.

Gharama za nje usizisahau. Dawa inayomlazimu mgonjwa kusafiri kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam kila mwezi ina bei mbili: ya dukani na ya barabarani. Tulipojumlisha nauli na malazi ya baba mdogo tulikuta barabara imekula karibu sawa na famasi. Hakuna aliyekuwa ameigundua kwa sababu kila mmoja alitoa kidogo kutoka mfuko wake.

Hatua ya 3: Vipimo kabla ya dozi ya kwanza

Hapa ndipo pesa kidogo inapofanya kazi kubwa kuliko popote, na ndipo familia nyingi zinaruka kwa haraka ya kuanza tiba.

Homa ya ini B ndiyo ya kwanza. Virusi hivi hukaa kimya ndani ya ini kwa miaka, na tibakemikali, hasa ikiwa na rituksimabu inayotumika sana kwa limfoma, huviamsha. Vikiamka ini linaweza kufa kwa wiki chache, wakati limfoma yenyewe inaendelea vizuri. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwa watoto wachanga mwaka 2002, maana yake mtu mzima wa leo aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajawahi kuchanjwa. Omba vipimo viwili, siyo kimoja: cha antijeni ya juu (HBsAg) na cha kingamwili dhidi ya kiini cha virusi (anti-HBc). Cha kwanza peke yake hakiwaoni wale ambao virusi vimejificha. Akikutwa navyo, kinga ni kidonge kimoja cha tenofoviri au entekaviri kwa siku. Tenofoviri ni dawa ambayo ukanda wetu unaijua vizuri, inatumika katika kliniki za CTC kila wilaya, na bei yake imeshuka sana kwa sababu ya mapambano dhidi ya UKIMWI.

VVU vipimwe pia, na kifua kikuu kitafutwe kwa maswali, picha ya kifua na makohozi ikibidi. Kifua kikuu kilicholala kinaweza kuzuiwa kwa isoniazidi au dawa za jamii yake, lakini kwanza lazima kile kilicho hai kiondolewe mashaka, kwa sababu dawa moja haitoshi kukitibu na itakifundisha usugu.

Halafu minyoo. Kuna mnyoo mdogo aitwaye strongiloidi, anaingia kupitia ngozi ya miguu peku na kuishi tumboni miaka hadi miaka bila kelele. Mgonjwa akianza deksamethasoni, mnyoo huu unaweza kuzaliana bila kipimo na kusambaa mapafuni hadi kwenye ubongo, ukibeba bakteria wa utumbo. Dawa yake ni ivermektini, dozi fupi. Kwa mtu aliyekulia shambani au pwani, mwambie daktari hivyo kwa mdomo wako, kwa sababu kipimo cha choo mara nyingi hakimwoni. Sijui kinga nyingine iliyo na uwiano mzuri hivyo kati ya bei na balaa inayoizuia.

Meno yaliyooza yatibiwe mapema, kabla neutrofili hazijashuka. Jino lililoachwa wiki ya kwanza ndilo jipu la wiki ya tatu.

Hatua ya 4: Nyumbani, ambako karibu kila kitu ni cha bei ndogo

Nunua kipimajoto kabla hujanunua kitu kingine chochote. Kiwe cha kwapani au mdomoni. Cha njia ya haja kubwa kisitumike kamwe kwa mgonjwa mwenye neutrofili chache, wala dawa za kuingiza huko, kwa sababu mchubuko mdogo tu unatosha kupitisha bakteria. Mkono juu ya paji la uso haupimi homa. Sisi tuliutegemea mkono wa shangazi na ukatudanganya.

Sabuni na maji ya kutiririka mlangoni, kila anayeingia anawe, daktari naye. Maji ya kunywa yachemshwe. Chandarua chenye dawa kila usiku, maana malaria kwa mtu aliyeishiwa damu ni mzigo juu ya mzigo. Asifagie banda la kuku, asifukue mbolea, asikae kwenye chumba chenye ukungu ukutani au kinachobomolewa kwa ukarabati. Vumbi hilo limejaa mbegu za fangasi. Mdomo usukutuliwe kwa maji ya chumvi au magadi ya kuokea mara kadhaa kwa siku, na mswaki uwe laini.

Kuhusu chakula nina neno, kwa kuwa nimeona familia zikihangaika. Kuna imani kwamba mgonjwa asile kabisa tunda bichi wala kachumbari, anunuliwe vyakula maalumu vya makopo na maziwa ya unga ya bei mbaya. Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wagonjwa wa lukemia kali waligawanywa katika makundi mawili, kundi moja likala vilivyopikwa tu na jingine likala pia matunda na mboga mbichi. Maambukizi makubwa yaliwapata asilimia 29 ya waliokula vilivyopikwa na asilimia 35 ya waliokula vibichi, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika, na vifo havikutofautiana. Kilicho muhimu ni usafi: embe lioshwe kwa maji safi na limenywe, nyama na mayai viive, kiporo kisilale mezani, maziwa yachemshwe. Mgonjwa anayekula papai lake kwa hamu ana nguvu kuliko aliyekatazwa kila kitu akabaki kutazama ukuta. Pesa ya makopo iweke kwenye Hatua ya 8.

Na dawa za mitishamba za unga, zilizosagwa na kuanikwa nje, zisiingie mdomoni wakati neutrofili ziko chini. Najua zinaletwa kwa upendo na wazee wetu. Pokea, shukuru, weka kabatini.

Hatua ya 5: Vidonge vya kinga

Kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Septrin, ndiyo mfalme wa sehemu hii. Mwaka 1977 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 160 wa saratani, wengi wao watoto. Kati ya 80 wasiopewa dawa, 17 walipata nimonia ya pneumosistisi. Kati ya 80 waliopewa, hata mmoja hakuipata. Fanya ile hesabu: 80 gawanya kwa 17 ni chini kidogo ya 5. Wagonjwa watano wanywe, mmoja anaepushwa na nimonia inayoua. Miaka kumi baadaye watafiti hao walionyesha kuwa siku tatu kwa wiki zinatosha sawa na kila siku. Mtu mzima, kwa mpango wa vidonge viwili vya kawaida mara tatu kwa wiki, atatumia vidonge 156 kwa miezi sita. Kwa bei ya kukisia ya shilingi 100 ni 15,600, na mara tano ni shilingi 78,000 kuzuia nimonia moja. Linganisha na zile 546,000 za levofloksasini, ambazo nazo tulikuta zinajilipa. Hatari ya wale wa mwaka 1977 ilikuwa kubwa, kwa hiyo si kila mwenye saratani ya damu anahitaji. Wenye lukemia kali ya limfositi, wanaotumia steroidi kwa muda mrefu na wanaopewa fludarabini ndio walio mbele.

Tahadhari zake zipo. Asiyepatana na dawa za salfa asipewe. Ikigongana na methotreksati, dawa mojawapo ya tibakemikali, ya dozi kubwa huongeza sumu yake, kwa hiyo siku hizo daktari huisimamisha. Na mbadala wake mmojawapo, dapsoni, huvunja damu ya wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu), hali ambayo si adimu pwani yetu. Apimwe kwanza.

Asikloviri huzuia mkanda wa jeshi. Anayechomwa botezomibu kwa ajili ya mayeloma aulize habari yake siku ya kwanza, asingoje malengelenge. Maumivu ya mkanda wa jeshi hubaki miezi baada ya vidonda kukauka, na dawa ya kuyatuliza ni ghali kuliko ya kuyazuia.

Levofloksasini tumeiona kwenye mayeloma. Kwa wenye lukemia kali na wengine wanaoishiwa neutrofili kwa zaidi ya wiki, utafiti wa Italia wa mwaka 2005 wenye wagonjwa 760 ulionyesha homa ikishuka kutoka asilimia 85 hadi 65. Lakini kwetu ina kasoro ambayo vitabu vya Ulaya huipitia juu juu: dawa za jamii hii huua kiasi vimelea vya kifua kikuu. Kikohozi kinatulia, makohozi yanapimwa na kukutwa safi, na kifua kikuu kinaendelea kula mapafu chini kwa chini. Ndiyo sababu Hatua ya 3 ije kwanza. Pia inachosha kano za kisigino, inavuruga mapigo ya moyo ikichanganywa na dawa fulani, na ikitumiwa ovyo hulea bakteria sugu ambao kesho watamrudia mgonjwa huyo huyo. Isitumike bila kikomo cha tarehe.

Dawa za fangasi zinagawanyika kwa bei. Flukonazoli ni nafuu na inazuia utando mweupe wa mdomoni na kooni, lakini haigusi fangasi wa vumbi, aspajilasi. Posakonazoli inamgusa: utafiti uliochapishwa 2007 kwa wenye lukemia kali ya mayeloidi ulikuta maambukizi mazito ya fangasi asilimia 2, dhidi ya asilimia 8 kwa waliotumia flukonazoli au itrakonazoli. Sita katika mia, yaani wagonjwa 17 kwa mmoja, na kila mmoja kwa bei kubwa. Inafaa pale tu neutrofili zitakapokuwa zimekwisha kabisa kwa wiki kadhaa. Na hapa ndipo dawa zinapogombana: posakonazoli, vorikonazoli na itrakonazoli hupandisha sumu ya vinkristini, dawa mojawapo ya tibakemikali, mwilini hadi mgonjwa akafa ganzi miguu au utumbo ukasimama. Mwenye dukani hajui kama mgonjwa wako anachomwa vinkristini. Mwambie.

Hatua ya 6: Chanjo

Kwa ufupi. Chanjo ya mafua na ya nimokokasi (bakteria wa nimonia) ni bora zitolewe wiki mbili au zaidi kabla ya tiba, zikikosa nafasi zitolewe hata hivyo kwa ratiba ya daktari. Watoto wetu hupewa ya nimokokasi kliniki; mtu mzima kwa kawaida huinunua. Chanjo zenye wadudu hai, kama surua, homa ya manjano na BCG, asipewe wakati wa tiba. Kwa kuwa mwili wake unaitikia chanjo kwa unyonge, wachanjwe wanaolala naye nyumba moja. Mtu mmoja anayempikia akichanjwa mafua, chanjo hiyo moja imelinda wawili.

Hatua ya 7: Sindano za bei kubwa

Filigrastimu husukuma uboho utoe neutrofili haraka. Majaribio yaliyojumlishwa pamoja, ya watu wazima wenye limfoma na saratani za viungo, yalionyesha homa ya neutrofili chache ikishuka kutoka asilimia 39.5 hadi 22.4. Ni 17 katika mia, wagonjwa sita kwa mmoja. Kanuni inayotumika duniani ni kuitoa tangu mzunguko wa kwanza pale hatari ya homa inapozidi asilimia 20, au pale mgonjwa alipokwisha kupata homa mzunguko uliopita. Chini ya hapo, pesa hiyo ina kazi nyingine. Ukiandikiwa, uliza kama kuna chapa nyingine iliyosajiliwa inayofanana na ile ya asili. Hataza za zamani zimekwisha na tofauti ya bei yaweza kuwa kubwa. Inaanza angalau saa 24 baada ya tibakemikali kumalizika, haichomwi siku ile ile. Na inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8: kabla ya kununua sindano saba kwa pamoja, hakikisha una friji na umeme usiokatika, au chupa ya chai yenye barafu ya kusafirishia.

Sasa imunoglobulini, ile iliyokula kiwanja chetu. Hutengenezwa kutoka plazma ya watu 1,000 au zaidi waliochangia damu, hivyo ni adimu kwa asili yake. Dozi ya kawaida ni gramu 0.4 kwa kila kilo ya mwili kila wiki nne. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 24, yaani vichupa vitano vya gramu tano kwa dozi, dozi 13 kwa mwaka, vichupa 65. Zidisha na bei uliyotajiwa ya kichupa kimoja, kisha kaa chini.

Jaribio la mwaka 1988 kwa wenye lukemia sugu ya limfositi lilionyesha kuwa maambukizi ya bakteria yalipungua takribani nusu. Vifo havikupungua. Miaka mitatu baadaye daktari wa Marekani, Jane Weeks, na wenzake walifanya hesabu ya gharama: kwa mwaka mzima wa sindano, mgonjwa alijipatia chini ya siku moja ya maisha bora, na gharama ya kupata mwaka mmoja kamili ilifika dola milioni 6. Rudi kwenye zile pauni 20,000 hadi 30,000 za Uingereza uone umbali wake.

Simaanishi kwamba dawa hii ni mbaya. Ina watu wake: mwenye kingamwili aina ya IgG chini ya gramu 4 kwa lita, ambaye amekwisha kulazwa kwa maambukizi mazito au yanayorudi, na aliyejaribiwa antibiotiki za kinga zikashindwa. Mgonjwa wa namna hiyo inamtoa wodini. Hata nchi zinazomudu kuilipia zinajiuliza: Australia na New Zealand wamefanya jaribio liitwalo RATIONAL, wakilinganisha imunoglobulini na kidonge cha kila siku cha kotrimoksazoli au doksisiklini. Kama wao wenye bajeti hiyo wanaona swali linafaa kuulizwa, sisi tunaouza viwanja tuna haki zaidi ya kuuliza. Baba mdogo hakuwa amepimwa IgG hata mara moja.

Ukiamua kuitoa, panga kwa miezi sita tangu mwanzo na mkubaliane kipimo cha mafanikio: maambukizi mangapi kabla, mangapi baada. Dozi mbili halafu basi ni pesa iliyomwagwa, kwa kuwa nusu ya kingamwili hizo hupotea mwilini kila wiki tatu hivi.

Hatua ya 8: Pesa ya usiku

Kabla ya mzunguko wa kwanza, tenga bahasha ya nauli ya saa nane usiku na malipo ya awali ya hospitali. Isiguswe kwa sukari wala ada ya shule. Kwa mtazamo wangu hii ni kinga sawa na dawa, kwa sababu mgonjwa mwenye neutrofili chache na homa anatakiwa apate antibiotiki ya mishipani ndani ya dakika 60 tangu afike, na kila saa mnayongoja nyumbani bakteria hawangoji.

Homa ni nyuzi 38.3 mara moja, au 38.0 inayodumu saa nzima. Asipewe parasetamoli kwanza "tuone kama itashuka". Joto litashuka na bakteria watabaki. Baridi kali, kuchanganyikiwa au kuhema haraka bila homa navyo ni safari, hasa akiwa kwenye steroidi, ambazo huficha joto.

Ndani ya bahasha weka karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: jina la ugonjwa, dawa alizochomwa na tarehe, FBP ya mwisho, dawa zisizopatana naye, simu ya wodi. Muuguzi wa zamu wa hospitali ya jirani hamjui mgonjwa wako. Ukimkabidhi karatasi hiyo na kumwambia, "Nesi, huyu yuko kwenye kemo, ana homa, seli zake nyeupe ziko chini," umeokoa saa nzima ya maelezo kwenye foleni. Baadhi ya wagonjwa wenye hatari ndogo, madaktari wakishawapa alama kwa kipimo kiitwacho MASCC wakafika 21 au zaidi kati ya 26, huruhusiwa kutumia vidonge na kurudi kuangaliwa bila kulazwa. Uliza kama ni mmoja wao. Usijiamulie.

Hatua ya 9: Kwenye dirisha la bima na famasi

Kila dawa ya kinga uliyoandikiwa, uliza kwa jina la dawa yenyewe, siyo la chapa, kama imo kwenye orodha ya bima yenu na kwa kiwango gani. Nyingine hulipiwa akilazwa lakini hazilipiwi akiwa nje, nyingine zinataka fomu ya idhini inayochukua siku kadhaa, kwa hiyo ombeni wiki mbili kabla. Wenye ndugu Ulaya au Ghuba: badala ya kumwomba atume kichupa kimoja cha dawa inayotaka ubaridi ndani ya begi, mwombe alipie vipimo vya Hatua ya 3 na bahasha ya Hatua ya 8.

Hatua ya 10: Kusimamisha kwa wakati

Kila miezi mitatu kaa na daktari, mbele yako orodha ya dawa zote za kinga, na uliza kwa kila moja: bado inahitajika? Levofloksasini ya mayeloma ilipimwa kwa wiki 12. Flukonazoli haina kazi neutrofili zikishapanda. Septrin huendelea hadi limfositi zirudi au steroidi zikome. Kila uliyoikata kwa idhini ni pesa inayorudi mfukoni.

Isipokuwa moja. Tenofoviri ya homa ya ini B, kwa aliyepata rituksimabu, huendelea angalau miezi 12 baada ya dozi ya mwisho ya rituksimabu, na baadaye ini lifuatiliwe kwa vipimo. Familia husherehekea kupona limfoma, zinatupa vidonge vyote, na virusi huamka. Hesabu tarehe hiyo leo, iandike kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu, na uandike chini yake jina la mtu atakayekwenda kuchukua dawa kila mwezi hadi siku hiyo ifike.